Mwizi hakuniiba mimi, aliiba simu yangu: kuhusu orodha za maneno ya Kiingereza "yanayofanana"

Wandugu, kuna somo moja ambalo kila mtu aliyepita chuo kikuu hapa kwetu amelikuta: orodha ya maneno ya Kiingereza yanayofanana. Iko kwenye magrupu ya WhatsApp, iko katika vitabu vidogo vinavyouzwa kando ya barabara, iko ubaoni katika vituo vya kufundisha lugha, kutoka Goma mpaka Lubumbashi. "Say" na "tell". "Make" na "do". "Affect" na "effect". Neno kushoto, neno kulia, mstari katikati, na chini yake maelezo mafupi. Tunapiga picha, tunatumia wengine, tunaandika "asante sana prof". Kisha siku ya mahojiano ya kazi mtu anakaa mbele ya watu watatu na kusema "he said me", na ile orodha yote iko ndani ya simu, mfukoni.

Leo nataka kuzikosoa hizo orodha. Si kuzitukana, juu wanaozitengeneza wengi wao wanatoa mega zao na muda wao bila kulipwa. Lakini nadhani zina kasoro moja kubwa ambayo haisemwi: zinachukulia kwamba kufanana ni jambo la maneno yenyewe. Mimi nasema hapana. Maneno mawili ya Kiingereza yanafanana au hayafanani kufuatana na lugha uliyopitia kuyafikia. Na sisi wa Kongo, hata tunaoongea Kiswahili toka utotoni, karibu wote tumepitishwa njia ya Kifaransa.

Tuanze na swali: orodha hizi ziliandikwa kwa ajili ya nani? Angalia jozi zinazorudi kila mara: "their" na "there", "its" na "it's", "principal" na "principle", "stationary" na "stationery". Hizo ni shida za mtoto wa London au wa Chicago. Yeye alisikia maneno haya kwa mama yake miaka mingi kabla ya kushika kalamu. Sikioni mwake ni sauti moja, basi anapoandika mkono wake unateleza. Mwalimu wake ana haki ya kumtengenezea orodha.

Sisi tulipita upande wa pili. Wengi wetu tulikutana na "their" ubaoni kabla ya kuisikia mdomoni mwa mtu. Tuliyaona maneno kwa macho, na kwa macho "their" na "there" ni vitu viwili. Mtu wa kwetu anaweza kukosea hapo pia, lakini shida yake kubwa haiko pale. Amepewa dawa ya ugonjwa wa jirani.

Ugonjwa wetu uko hivi: kila fasi Kifaransa kina neno moja na Kiingereza kina mawili, tunaanguka. Kifaransa kinasema "dire", Kiingereza kinagawa "say" na "tell". Kifaransa "voler", Kiingereza "steal" na "rob" (tena "fly", lakini hiyo haimsumbui mtu). Kifaransa "apprendre", Kiingereza "learn" na "teach". "Politique" inakuwa "policy" na "politics". "Expérience" inakuwa "experience" na "experiment". "Histoire" inakuwa "story" na "history". "Conscience" inakuwa "conscience" na "consciousness".

Sasa tazama "learn" na "teach". Yanafanana wapi? Kwa sauti hapana, kwa maandishi hapana, na kwa maana moja ni kazi ya mwanafunzi, nyingine ya mwalimu. Mwingereza ukimwambia kwamba hayo ni "maneno yanayofanana" atashangaa. Kwetu yanafanana juu tuliyatazama yote mawili kupitia dirisha moja la Kifaransa. Njo maana orodha iliyokopiwa kutoka shule ya Uingereza haiwezi kuwa nayo.

Na hapa kuna jambo linalonichoma zaidi. Chukua zile jozi na uziweke katika Kiswahili. "Learn" ni kujifunza, "teach" ni kufundisha. "Experience" ni uzoefu, "experiment" ni jaribio. "Story" ni hadithi, "history" ni historia. "Conscience" ni dhamiri, "consciousness" ni fahamu. "Politics" ni siasa, "policy" ni sera. Hilo neno sera kwetu tunalisikia zaidi redioni kuliko nyumbani, nakubali, lakini lipo. Fasi Kifaransa kimetupa mlango mmoja, Kiswahili kilikuwa tayari na milango miwili, tena kila mmoja unafungukia chumba chake. Tulikuwa na jibu nyumbani, tukaenda kuliomba kwa jirani ambaye hana.

Twende polepole na mifano miwili, juu kusema tu "Kiswahili kinasaidia" haitoshi.

Wa kwanza, "say" na "tell". Orodha nyingi zinaandika kwamba "say" ni kusema kitu na "tell" ni kumpa mtu habari. Si uongo, lakini haikusaidii saa unaongea. Sasa jiulize kwa Kiswahili: unaweza kusema "alinisema kwamba mkutano umeahirishwa"? Hapana. Kunisema ni kunisengenya au kunigombeza, ni mambo mengine. Utasema "aliniambia kwamba mkutano umeahirishwa". Hata mtoto wa miaka minne anajua kwamba kuambia kunabeba mtu ndani yake, -ni-, -ku-, -mu-, na kusema kunabaki na maneno yaliyosemwa. "Tell" ni hivyo hivyo: mtu anakuja palepale nyuma yake, "he told me". "Say" haimbebi mtu. Ukitaka kumweka lazima utafute daraja, "he said to me". Yule anayesema "he said me" hakukosa akili. Ametafsiri "il m'a dit" neno kwa neno. Angetafsiri "aliniambia", asingekosea.

Kuna mipaka, lazima niseme. Kiingereza kinasema "tell the truth" na "tell a lie", na sisi tunasema kusema kweli na kusema uongo. Hapo Kiswahili kinakudanganya kidogo. Lakini semi za namna hiyo unaweza kuzihesabu kwa vidole na kuzikariri. Njia nzima haiharibiki juu ya mashimo mawili.

Wa pili, "steal" na "rob". Mtu ameibiwa simu sokoni, anataka kumweleza bosi wake mgeni, anasema "they stole me". Bosi anatoa macho. Kwa Kiingereza, kitu kinachokuja nyuma ya "steal" ni mali iliyochukuliwa. Kwa hiyo "they stole me" maana yake mimi mwenyewe nimewekwa katika mfuko na kubebwa. Kifaransa hakimuonyi, juu "on m'a volé" inakubalika. Kiswahili kingemuonya. Sisi tunasema "waliiba simu", na kwa mtu tunasema "waliniibia". Ile -ia ndogo mwishoni njo inafanya kazi yote: kuiba kunashika kitu, kuibia kunashika mtu aliyepoteza. "Steal" inafanana na kuiba, "rob" inafanana na kuibia. Mwizi hakuniiba mimi. Aliiba simu yangu, aliniibia.

Na hapa pia tusisimame mapema, juu "rob" ina kitu zaidi. Katika sheria ya Uingereza, ile ya wizi ya mwaka 1968, ili wizi uitwe "robbery" lazima kuwe na nguvu au kutisha mtu kwa nguvu. Aliyekutolea simu mfukoni bila wewe kujua hajafanya "robbery". Aliyekuonyesha kisu, huyo ndiye. Kwa Kiswahili hapo tunaacha kuibia, tunachukua kunyang'anya. Ukienda kuandika ripoti ya tukio kwa ONG na ukachanganya hayo mawili, unaweza kufanya barabara nzima ionekane ya hatari kwa sababu ya mwizi mmoja wa mfukoni, au kufanya unyang'anyi wa silaha uonekane mambo madogo ya soko.

Mtu atasema: basi tuache Kifaransa, tupitie Kiswahili tu. Hapana, wandugu, hiyo ingekuwa kubadilisha dirisha moja kwa lingine. Kiswahili nacho kina fasi kinafunga macho. Mkono kwetu unaanzia begani mpaka kwenye kucha, na Kiingereza kinakata "arm" na "hand". Mguu vilevile, "leg" na "foot". Hapo Kifaransa na "bras" na "main", "jambe" na "pied", njo mwalimu mzuri. Na kivuli: ukikaa chini ya mwembe saa sita uko katika "shade", lakini ile picha nyeusi inayokufuata ukutani ni "shadow". Kiswahili neno moja, Kifaransa "ombre" neno moja, wote wawili hawakusaidii. Hata Kiingereza chenyewe kina umaskini wake. Mpunga shambani, mchele sokoni, wali mezani, kwao vyote ni "rice". Kila lugha inakata pale watu wake walihitaji kukata.

Mfano ulio mzito zaidi kwetu ni usalama. Kifaransa kina "sécurité", na "sûreté" ambayo wengi wetu tunaijua kama mambo ya polisi. Kiswahili kina usalama. Kiingereza cha kazi, hasa katika mashirika ya misaada, kinatofautisha "safety" na "security". "Safety" ni kinga dhidi ya ajali na maumbile: kofia ya moto, mkanda wa gari, jenereta iliyo karibu na petroli, Nyiragongo ilipomwaga moto tarehe 22 Mei 2021. "Security" ni kinga dhidi ya mtu anayetaka kukudhuru: kizuizi cha barabarani, utekaji, wenye silaha. Mtu anayeomba kazi ya "safety officer" na katika barua anaeleza jinsi anavyojua makundi ya wenye silaha ya eneo lake, ameandika barua nzuri kwa kazi nyingine. Hapa hakuna njia fupi. Kiswahili kitakupa usalama mara mbili na kukuacha. Lazima ujitengenezee maneno, usalama wa ajali na usalama wa ulinzi, na uyatumie mpaka yazoee.

Sasa tuje kwenye kundi lingine ambalo orodha nyingi zinaligusa juujuu: maneno ya Kiingereza yaliyotoka Kifaransa chenyewe. Mwaka 1066 watu wa Normandie, kaskazini ya Ufaransa, walivuka bahari na kuchukua utawala wa Uingereza. Kwa miaka mingi baadaye Kifaransa kilikuwa lugha ya ikulu, ya mahakama na ya wakubwa, na mkulima akabaki na Kiingereza chake. Si munajua hali hiyo? Hapa kwetu biro inaongea Kifaransa na soko linaongea Kiswahili. Mtu akisema "niko na mkutano" ni sawa, akisema "niko na réunion" ghafla shati lake linaonekana limepigwa pasi. Kiingereza kilizaa mapacha kwa njia hiyo: "begin" na "commence", "buy" na "purchase", "help" na "assist", "ask" na "demand". Pacha wa kwanza ni wa nyumbani, wa pili alikuja na wakubwa.

Mtego uko hapo. Sisi tunaojua Kifaransa, mkono wetu unamchukua pacha wa pili bila kufikiri, juu tunamtambua sura. Mara nyingi hasara ni ndogo: barua yako inakuwa nzito tu, unamwandikia kijana mwenzako kuhusu kikao cha saa kumi kama vile komanda anaandikia gavana. Lakini mara nyingine yule pacha amebadilika tabia toka alipohama. "Demander" ni kuomba au kuuliza. "Demand" ni kudai, tena kwa ukali. Barua inayosema "I demand a scholarship" haijaomba bursa, imeidai kama deni. "Assister à" ni kuhudhuria. "Assist" ni kusaidia. Kuhudhuria kwa Kiingereza ni "attend", ambayo nayo imevaa sura ya "attendre", yaani kungoja. "Actuellement" ni kwa sasa. "Actually" ni kwa kweli, neno la kumrekebisha mtu aliyefikiri vingine. Ukiandika "I am actually a teacher" msomaji anajiuliza nani alikuwa amekataa. "Stage" kwa Kifaransa ni mafunzo kazini; kwa Kiingereza ni jukwaa la wanamuziki.

Ndani ya kundi hilo ninaogopa zaidi "eventually". "Éventuellement" ni pengine, ikitokea. "Eventually" ni mwishowe, hata ikichelewa itafika. Tofauti hiyo ni franga. Shirika la hapa linamwandikia mfadhili "we will eventually send a second report", likimaanisha labda tutatuma. Mfadhili anasoma ahadi. Miezi sita ikipita anauliza ripoti iko wapi, na huku watu wanashangaa, wanasema mzungu huyu ana haraka. Hakuna aliyesema uongo. Neno moja limesomwa kwa lugha mbili.

Ongeza hapo "may" na "shall" ndani ya mikataba. "The employer shall pay" ni lazima alipe. "The employer may pay" ni ana ruhusa ya kulipa, na vilevile ana ruhusa ya kutolipa. Orodha zetu zinafundisha "may" kama neno la heshima, "may I come in". Ni kweli, lakini kijana anayesaini mkataba wake wa kwanza anahitaji ile maana nyingine kabla ya hiyo.

Kama bado kuna anayefikiri kwamba haya ni mambo ya kujionyesha tu, basi twende Ituri. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile tunayoiita CPI, kule La Haye, ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, na aliyehukumiwa alikuwa Mkongomani, Thomas Lubanga. Makosa yalihusu watoto chini ya miaka 15 katika vita ya Ituri, kati ya Septemba 2002 na Agosti 2003. Mwezi wa Julai mwaka huohuo alipewa kifungo cha miaka 14. Maneno ya Kiingereza yaliyobeba mashtaka yalikuwa matatu: "conscripting", "enlisting" na "using", yaani kuwatumia watoto kushiriki vitani.

Weka pembeni hilo la tatu. "Conscript" na "enlist" katika orodha ya kawaida yangepewa maelezo mamoja: kuingiza mtu jeshini. Mahakamani hayakuweza kubaki hivyo. "Conscript" ni kuingiza kwa kulazimisha. "Enlist" ni kumwandika katika jeshi hata kama amekuja mwenyewe. Kwa hiyo swali likawa zito: mtoto wa miaka kumi na mbili aliyekuja kambini kwa miguu yake, juu ya njaa au juu ya kulipiza kisasi, je, kuna kosa? Majaji walisema ndiyo. Kukubali kwa mtoto wa umri huo hakumpi komanda kinga yoyote. Kama sheria ingekuwa na neno "conscript" peke yake, komanda angeweza kujitetea: mimi sikumlazimisha mtu, walikuja wenyewe. Neno la pili njo lilifunga huo mlango.

Sasa sikiliza Kiswahili kinavyoshughulika na jambo hilohilo. "Enlist" ya Kiingereza ina uso mbili: mtoto "enlists", na komanda "enlists" mtoto. Neno halibadiliki. Kwetu linabadilika: mtoto alijiandikisha, komanda alimwandikisha. Ile -ji- na ile -mw- zinasema nani ametenda na nani ametendewa. Na ukitaka "conscript" unaongeza: alimwandikisha kwa nguvu. Katika kesi hiyo kulikuwa na mashahidi walioongea Kiswahili, na maneno yao yalipita kwa wakalimani kwenda Kifaransa na Kiingereza, lugha za kazi za CPI. Fikiria uzito wa kazi hiyo: silabi moja ya shahidi, -ji- au -mw-, inagusa swali la nani alifanya nini. Watu wanaofanya kazi kama hiyo lazima wajue lugha hizi zote tatu vizuri, na sisi tuko kati ya wale wanaoweza kuifanya. Lakini si kwa kukariri "enlist = kuingia jeshini".

Nimesema kwamba orodha zinatupa maelezo badala ya matumizi. Niongeze kidogo, juu hiyo ni kasoro yake ya pili. Chukua "make" na "do". Sheria inayofundishwa ni kwamba "make" ni kutengeneza kitu kipya na "do" ni kufanya kazi. Basi nieleze kwa sheria hiyo kwa nini ni "make a mistake" lakini "do harm", "make money" lakini "do business". Huwezi. Sasa geuza: mgeni akikuuliza sheria ya kupiga katika Kiswahili, utamwambia nini? Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga magoti, na hakuna anayeumia. Hautampa sheria, utampa sentensi. Utamwambia "sema hivi". Neno linajulikana kwa marafiki zake.

Hata vitabu vikubwa vya Waingereza vilichukua muda kuelewa hilo. Roget, aliyekuwa daktari, alitoa mwaka 1852 kitabu chake maarufu kinachopanga maneno ya maana za karibu pamoja, bila kueleza tofauti zake. Kinamfaa mtu ambaye tayari anajua Kiingereza na anatafuta neno lililomponyoka. Kwa mwanafunzi wa Kisangani ni duka lenye chupa bila majina. Mwaka 1987 ilitoka kamusi ya COBUILD, iliyotokana na kazi ya John Sinclair na wenzake katika chuo kikuu cha Birmingham. Walikusanya maandishi na maongezi mengi ya kweli ndani ya kompyuta, wakaangalia kila neno linatembea na nani, kisha wakaeleza maana kwa sentensi nzima: mtu akifanya hivi kwa mtu, basi ni hivi. Hapo "rob" inakuja na mtu wake na "steal" inakuja na kitu chake. Nikipewa kuchagua kati ya ukurasa mmoja wa kamusi ya namna hiyo na orodha hamsini za WhatsApp, nachukua ukurasa.

Najua kuna yaya mmoja atasoma hapa na kusema: Kiswahili ni cha soko, hakuna mwajiri atakuuliza Kiswahili cha "policy". Yaya, ni kweli hatakuuliza. Lakini kabla ya kutoa jibu kwa Kiingereza, kichwa chako kinapita mahali fulani, na shule imekufundisha kwamba kuna barabara moja tu. Ukiwa na barabara mbili, ile iliyoharibika mvua unaikwepa. Hiyo si siasa ya lugha, ni mambo ya kufika. Tena ukweli ni kwamba Kiswahili tunachoongea kila siku hakitoshi kwa kazi hii. Dhamiri, sera, jaribio, wengi wetu tunayatambua tukiyasikia lakini hatuyatumii. Kumbe Kiingereza kinatudai pia Kiswahili chetu.

Basi wale wanaotengeneza orodha, waendelee, lakini wabadilishe umbo. Badala ya maelezo, waweke sentensi tatu kwa kila jozi. Ya kwanza ya Kiingereza, kama mtu angeisema kazini. Ya pili ya Kiswahili, inayosema jambo hilohilo kama tunavyosema sisi. Ya tatu ya Kifaransa, ile inayotutega, na alama kando yake: hapa angalia. Na pale ambapo Kiswahili hakisaidii, kama kwa usalama au kivuli, waandike wazi kwamba hakisaidii. Jozi kumi za namna hiyo, zilizochaguliwa kwa ajili yetu na kufanyiwa mazoezi kwa mdomo, zitafanya kazi kuliko jozi mia tatu zilizokopiwa.

Tuanze hapa chini. Kila mtu aweke jozi moja ambayo Kifaransa kinaiunganisha na Kiswahili kinaitenganisha, pamoja na sentensi zake tatu. "Remember" na "remind" msiziweke, juu kukumbuka na kukumbusha kila mtu ataziona haraka, na hata Kifaransa hapo kinajitahidi. Tafuteni zile zilizojificha.